Marehemu wa Langoni

Kibao cha shule kilikuwa na nyuso mbili, na kazi ya kukigeuza ilikuwa ya Rage, askari wa lango. Upande mmoja kilichorwa ngao ya taifa, na chini yake maandishi meusi: Shule ya Msingi ya Umma ya Garasle. Upande wa pili ulikuwa wa kijani, umejaa maandishi ya Kiarabu yanayoeleza kwamba hapa ni markazi, kituo cha kuhifadhisha msahafu na kulea mayatima. Kibao kilining'inia kwa kulabu mbili juu ya lango, na kila wageni walipotarajiwa, mwenyekiti wa shule alipiga simu mapema aseme ni upande gani. Serikali ikija, ngao. Mfadhili kutoka Ghuba ya Uarabuni akija, kijani. Rage alipindua pipa la mafuta, akapanda juu yake, akageuza, akashuka akijipangusa vumbi.

Mkewe Shamis aliuza maziwa ya ngamia ng'ambo ya barabara, upande ule wa kutokea Garissa kwenda Bura, chini ya turubai lililofungwa kwenye mgunga. Kutoka pale hakuna kilichompita. Aliona siku za kijani jinsi Mwalimu Syokau, mama wa watu aliyetoka Mwingi kuja kufundisha hisabati, alivyoingizwa stoo akakae na magunia ya unga, kwa kuwa mfadhili alikuwa ameambiwa kwamba walimu wote wa shule ni mahafidhi wa msahafu. Aliona siku za ngao jinsi mikeka ilivyokunjwa haraka haraka, na mbao ambazo watoto waliandikia aya zikabebwa kwa mafungu kwenda kufichwa nyuma ya vyoo. Maneno ya Mungu, nyuma ya vyoo. Mara ya kwanza kuliona hilo Shamis alisema astaghfirullah kwa sauti hadi mteja wake akageuka.

Serikali ililipa walimu na kuleta vitabu. Mfadhili alijenga madarasa na kuchimba kisima. Kila mmoja alidhani shule ni yake, na kumbe shule ilikuwa ya mwenyekiti Abdimalik, mtu mwenye tumbo lake, tabasamu lake na manukato ambayo yalifika kabla yake. Watu wote wa Garasle walijua. Walinyamaza kwa sababu shule nyingine ya serikali ilikuwa mbali, na tangu walimu wa bara waikimbie, madarasa yake yalikuwa yanalala mbuzi. Mzazi aliyetaka mtoto asome, alipita chini ya kile kibao akafunga mdomo.

Shamis pia alikuwa ameufunga wake, kwa ajili ya Iftin. Binti yake huyo wa pekee alikuwa gredi ya sita, wa kwanza katika hisabati na wa kwanza katika kuhifadhi. Shamis alitaka kitu kimoja tu duniani: Iftin avuke aingie gredi ya saba, asije akakaa chini ya turubai akifukuza nzi kwenye vibuyu vya maziwa.

Sasa Abdimalik akaja nyumbani kwao mwenyewe, alasiri, akakalia kiti kimoja walichokuwa nacho.

"Nafasi za gredi ya saba zipo," alisema, akipuliza chai. "Lakini jengo ni la mfadhili. Na mfadhili moyo wake uko kwa mayatima."

"Walimu wa hilo jengo analipa nani?" Shamis aliuliza.

"Serikali."

"Na serikali imesema mtoto asiingie mpaka baba yake afe?"

Abdimalik alicheka kwa upole, kama mtu anayemsamehe mtoto. "Walaal Shamis, dada yangu, unauliza kama mtu wa redio. Mimi nimekuja kumsaidia huyu msichana. Mfadhili anakuja mwenyewe safari hii. Anataka kumwona yatima mmoja kwa macho, amsikie akisoma, apigwe naye picha. Nina watoto wengi wa kumpelekea. Nimechagua wa kwenu kwa sababu ya akili yake."

"Lakini baba yake huyu hapa," Shamis alisema, akamwonyesha Rage kwa kidevu. Rage alikuwa amechutama mlangoni, akichora mistari mchangani kwa kijiti.

"Rage ana ndugu?"

"Mursal," Rage alijibu mwenyewe. "Yuko Mandera na ngamia."

"Basi wewe utakuwa Mursal. Adeer wa mtoto, ami yake, unamlea baada ya kufiwa."

Hakukuwa na njia nyingine. Jina la pili la Iftin, kama la kila Msomali, lilikuwa la baba yake, na jina hilo lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi zilizokwenda Ghuba: Iftin Rage. Kwa hiyo marehemu angekuwa Rage, hapana mwingine. Shamis alimtazama mumewe akingojea ainuke, amshike mgeni wake mkono amtoe nje kwa adabu. Hakutaka ugomvi. Alitaka ainuke tu.

"Ni siku moja?" Rage aliuliza.

"Siku moja tu," Abdimalik alisema. "Tena subiri, siku ya kabla yake anakuja afisa wa elimu. Huyo nitataka umsalimie kama mzazi, ushukuru serikali kwa niaba ya wazazi wote. Jumatano utakuwa hai, Alhamisi utakuwa umekufa, Ijumaa unakwenda zako msikitini."

Akacheka tena, na Rage akacheka pamoja naye. Shamis alichukua kikombe cha mwenyekiti kabla hajakimaliza akakipeleka kukiosha.

Kulikuwa na sharti moja. Mwenyekiti alitaka ulimi wa mtoto uzoee, asije akamwita baba yake baba mbele ya mgeni, kwa hiyo hata nyumbani Iftin alipaswa kumwita Rage adeer.

Mwanzoni ulikuwa mchezo. "Adeer, naomba kalamu," Iftin alisema akaziba mdomo kwa kiganja, akacheka hadi machozi, na Rage naye akachekea pembeni. Siku iliyofuata alicheka kidogo. Baada ya hapo hakucheka tena. Aliingia kutoka shuleni, akavua viatu, akasema "Asalaam aleykum, adeer," akapita. Rage aliitikia.

Jioni walifanya mazoezi. Rage alikaa kwenye kirago akawa ndiye mfadhili, na Iftin akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Baba yako yuko wapi?"

"Alikufa."

"Alikufa kwa nini?"

"Ukame. Alikuwa anafuata ngamia karibu na Ijara, wakakosa maji."

Hayo yalikuwa ya mwenyekiti. Alikuwa amesema wafadhili wa siku hizi wanaguswa zaidi na ukame kuliko maradhi. Lakini siku hiyo Iftin hakuishia hapo. Aliinamisha kichwa, akaacha kimya kidogo kipite, kisha akasema kwa sauti nyembamba, "Aliniachia tasbihi yake. Nikiishika namkumbuka."

Rage alipiga kofi pajani. "Hiyo nani amekufundisha?"

"Nimeifikiria mwenyewe."

"Umesikia, Shamis? Huyu mtoto ana akili."

Shamis alikuwa anafukiza kibuyu kwa moshi wa kijinga cha moto, ili maziwa ya kesho yasiharibike. Aliinua uso akamwona mumewe anaitoa tasbihi yake ya mbao mfukoni, ile aliyopewa na baba yake mwenyewe, marehemu wa kweli, akamkabidhi mtoto. Iftin akaipokea kwa mikono miwili na sura ya msiba. Akaifanyia majaribio: kuitoa pole pole, kuitazama, kuirudisha.

"Rage," Shamis alisema walipobaki peke yao, "huoni haya?"

"Haya ya nini? Ni neno tu."

"Mtoto anakuzika kila jioni na wewe unampigia makofi."

"Unataka akauze maziwa?" Rage alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kwa uchovu, na hilo ndilo lililomwudhi Shamis zaidi. "Mimi ni askari wa lango. Baba askari wa lango na baba aliyekufa, ni yupi mwenye faida? Niambie wewe."

Shamis alinyamaza. Na kunyamaza kwake, alijua, kulikuwa ni kukubali, na alijichukia kwa hilo kama alivyomchukia mumewe na mwenyekiti.

Jumatano ilipofika kibao kilikuwa upande wa ngao. Bendera ilipandishwa, mbao za aya zikaenda kwenye makazi yao nyuma ya vyoo, Mwalimu Syokau akasimama darasani na chaki yake mbele ya watu. Rage alikuwa amevaa shati jeupe la mwenyekiti, limepungua kifuani na kuzidi tumboni. Shamis aliitwa aje na maziwa, amimine chai, bila malipo kama kawaida. Afisa wa elimu alifika na gari la serikali, mtu wa makamo mwenye miwani, aliyeitazama saa yake kila aliposalimiwa.

Alikuwa hajamaliza kikombe cha kwanza simu ya Abdimalik ilipolia. Mwenyekiti alisikiliza, na lile tabasamu lake ambalo Shamis hakuwahi kuliona likimtoka usoni, lilimtoka.

Mgeni alikuwa ameshavuka daraja la Tana.

Ni mwezi uliomponza. Mgeni aliandika kwamba angefika tarehe kumi Shaaban, na Abdimalik akahesabu kwa mwezi wa Garissa, uliochelewa kuonekana. Kule Ghuba walikuwa wameuona usiku mmoja kabla. Mtu aliyejua kudanganya mabara mawili alikuwa amesahau jambo ambalo kila mwaka huwagombanisha watu wa Garasle siku ya idi.

"Geuza," Abdimalik alimnong'oneza Rage kutoka mlangoni.

"Afisa ataona akitoka."

"Geuza, nimesema."

Rage alikwenda akageuza. Alipokuwa juu ya pipa gari jeupe la mgeni likasimama chini ya miguu yake, naye akashuka akalifungulia lango. Shamis, aliyekuwa na birika mkononi barazani, alimwona Mwalimu Syokau anakokotwa na mwalimu mkuu kuelekea stoo, na wakati huohuo sauti ya afisa ikatoka ofisini ikiuliza yuko wapi yule mwalimu wa hisabati aliyekuwa na maandalio mazuri ya somo. Mwalimu Syokau alisimama katikati ya uwanja. Hakujua aende wapi. Mwishowe akaenda stoo mwenyewe, na kwa mlango uliokuwa wazi kidogo Shamis alimwona anakaa juu ya gunia na kufunika uso kwa daftari la mtoto.

Kwa mtu mwingine mambo yangeishia pale. Abdimalik alikuwa na kipaji chake. Aliwakalisha wageni wote wawili meza moja, afisa kulia, mgeni kushoto, na yeye katikati. Mgeni alikuwa mzee mwenye ndevu zilizopauka na macho ya upole, asiyejua lugha nyingine ila Kiarabu. Afisa hakujua Kiarabu. Kati yao aliwekwa Maalim Korane, mwalimu wa dini, ambaye serikali ilimlipa mshahara na mfadhili akamlipa posho, awe mkalimani. Mwenyekiti alimwinamia sikioni kwa muda, na Maalim akawa anaitikia kwa kichwa akitazama mezani.

Uwongo wa Jumatano na uwongo wa Alhamisi ukaanza kwenda pamoja. Abdimalik alisema kwa Kiswahili, "Mgeni wetu ni rafiki wa shule hii ya umma, anasaidia hapa na pale." Maalim akasema kwa Kiarabu yale aliyoagizwa. Afisa akasema wizara inajivunia shule ambazo serikali na wafadhili wanashikana mikono. Maalim akasema yake, na mgeni akaweka mkono kifuani. Watoto walipangwa uwanjani katika vumbi na jua. Kila mmoja wa wageni aliridhika na alichosikia.

"Sasa tumsikie mzazi," afisa alisema. "Bwana Rage."

Mgeni aliisikia Rage. Aliinama kumwuliza Maalim, na Maalim akajibu kwa upole. Shamis aliyekuwa nyuma yao na birika alifahamu maneno mawili matatu ya Kiarabu, yale ya msikitini, na moja aliloliokota lilikuwa marehemu. Mgeni akatikisa kichwa kwa huruma.

Rage alisimama. "Mimi nashukuru serikali ya Kenya sana," alisema kwa Kiswahili chake cha kazini. "Shule ni mzuri. Walimu nazuri. Mtoto yangu Iftin anasoma hapa bila shida, na serikali inalipa. Mungu abariki serikali."

Afisa alipiga makofi. Maalim akatafsiri. Shamis hakujua alisema nini, lakini mgeni aliinuka, akamkumbatia Rage, akamwita Mursal.

Kisha akaomba kumwona yatima. Iftin akaletwa, amevaa sare, kichwa kimefunikwa vizuri. Mzee akamwekea mkono kichwani, akampapasa kwa upole mara kadhaa, macho yamemjaa maji. Akainua mikono kuomba. Uwanja mzima ukainua mikono, na afisa naye, kwa adabu, akavua miwani. Mzee aliomba, kwa maneno ya dua ambayo hata Shamis aliyajua, Mola wake amrehemu mja wake Rage, ampanulie kaburi lake, amnyweshe huko alikokwenda, kwa kuwa alikufa na kiu. Aliomba taratibu, na jina lile likarudi tena na tena. Watoto mia kadhaa wakaitikia amina.

Shamis alimtazama mumewe. Rage alikuwa amesimama kando ya meza na shati lile la watu, viganja vyote viwili vimeelekea juu. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Naye alikuwa anaitikia amina.

Alichosikia Shamis hapo hakikuwa huzuni. Ilimjia hamu ya kuliacha birika lianguke, chai yote imwagikie viatu vyao. Lakini alikumbuka gredi ya saba, akalishika vizuri, akamimina.

Ni huruma ya yule mzee iliyoharibu mambo. Alipokaa aliuliza jambo, na Maalim kwa mara ya kwanza siku ile akasita. Abdimalik akamsukuma kwa kiwiko. Maalim akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya chini:

"Anauliza huyu adeer amemchukua mjane au bado. Anasema anajua ni desturi yetu, ndugu wa marehemu amwoe mjane, watoto wasitoke kwenye ukoo."

Abdimalik hakufikiri hata kidogo. Alinusa harufu ya fedha, akasema, "Mwambie bado. Hana mahari, maskini."

Maalim alimwambia. Uso wa mzee ukang'aa. Akasema maneno mengi kwa furaha, akigonga meza kwa kidole.

"Anasema mahari ni juu yake," Maalim alitafsiri, na jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Anasema mashahidi wapo, mtu wa kusoma hutuba ya nikahi yupo. Anataka tuwafungishe sasa hivi, kabla ya chakula. Anasema asingependa kuondoka na thawabu hii ikiwa imebaki."

"Vipi, wanasema nini?" afisa aliuliza, akitazama saa.

"Anaiombea shule," Abdimalik alisema.

Na Shamis akaona jambo ambalo hakulitarajia hata kwa watu hawa. Aliona wanafikiria. Mwenyekiti alikuwa anafikiria. Maalim, aliyewafundisha watoto kila siku kwamba ndoa haina mzaha, alikuwa anapiga hesabu machoni kama inawezekana. Na Rage alikuwa anamtazama yeye mkewe kwa uso wa kuomba, uso unaosema, tumalize tu.

Aliweka birika chini.

"Bwana afisa," alisema kwa Kiswahili, maana alitaka mtu wa serikali asikie bila mkalimani. "Sikiza mimi. Mimi sina bwana amekufa. Bwana yangu ndio huyu, jina yake Rage, ameongea na wewe sasa hivi. Mtoto ni ya huyu. Hawa wanasema kwa mgeni baba amekufa, sasa wanataka kunioza bwana yangu mwenyewe. Ile kibao huko nje pia imegeuzwa. Enda angalia."

Mzee wa Ghuba alimtazama Maalim, akingojea. Afisa alivaa miwani yake tena. Macho yake yalikwenda kwa Rage, yakaenda kwa Abdimalik, kisha yakatua kwenye sinia kubwa la wali na nyama ya mbuzi lililokuwa linaingizwa na vijana wawili.

"Mama, haya ni mambo mazito," alisema. "Mimi hapa nina ripoti ya shule ya mfano. Siwezi kusikiliza kila mtu." Akageukia mtoto. "Tumwulize huyu. Mtoto hasemi uongo. Wewe Iftin, mama anasema huyu ni baba yako. Ni kweli?"

Shamis alimtazama binti yake. Hakumpa ishara yoyote. Hakudhani kulikuwa na haja.

Iftin alimtazama mama, akamtazama mwenyekiti. Aliangalia lile jengo jipya la gredi ya saba lililokuwa nyuma ya mgeni, na madirisha yake ya bluu. Kisha akainamisha kichwa, akaacha kimya kidogo kipite.

"Huyu ni adeer yangu," alisema. "Aabo alikufa kwa ukame, huko karibu na Ijara. Aliniachia hii."

Akaitoa tasbihi pole pole.

Mzee hakuhitaji tafsiri. Alipoiona tasbihi kwenye kiganja kile kidogo alifunika uso kwa ncha ya kilemba chake akalia, mabega yakimtikisika, na alikuwa mtu pekee pale aliyelia kwa kweli.

"Basi," afisa alisema. "Lakini huyu ameongea kama mzazi."

"Kwetu adeer ni baba kabisa," Abdimalik alisema haraka. "Hakuna tofauti."

"Kumbe ni hivyo tu? Basi hapana shida. Mzazi ni mzazi." Afisa akavuta kiti karibu na sinia, akakunja mikono ya shati.

Mgeni alipofuta machozi alimwuliza Maalim kile mama alichosema. Maalim Korane alijibu kwa sentensi fupi, akitazama kucha zake. Mzee akamgeukia Shamis, akamwinamia kwa heshima nyingi, akatoa bahasha ya mahari ndani ya kanzu, akaikabidhi mikononi mwa mwenyekiti iwekwe amana.

Shamis alimngojea Maalim kwenye bomba la kunawia.

"Umenisemea nini kwa yule mzee?"

"Nimesema una haya, unaomba upewe muda."

"Maalim."

"Nimekusitiri, walaal," Maalim alisema, na akaendelea kunawa.

Nyuma yao, kwa mlango wa stoo, Mwalimu Syokau alikuwa bado amekaa. Shamis alichukua birika lenye chai iliyobaki akampelekea. Wakanywa kwa zamu, kwa kifuniko kimoja.

Baada ya swala ya magharibi Rage alirudi nyumbani na mfuko wa nyama. Alikuwa amegeuza kibao mara mbili zaidi, mara moja afisa alipotoka, mara nyingine mgeni alipotoka, na pipa lilikuwa limemteleza likamchubua muundi. Alisema mwenyekiti hakukasirika. Alisema Iftin ameandikwa wa kwanza gredi ya saba, na bweni, na sare, kila kitu, mpaka amalize. Alisema mambo ya mama wameyachukulia kuwa ni majonzi ya mjane.

"Ulichotaka kimepatikana," alimaliza. Aliketi nje karibu na ukuta, akanyoosha mguu wake wenye kidonda.

Shamis alipika ile nyama kwa kuwa nyama haina kosa. Iftin alikuwa ndani, karibu na taa, anafanya mazoezi ya hisabati aliyopewa na Mwalimu Syokau. Hakuwa amelia, hakuwa ameomba radhi. Alikuwa ametulia kama mtoto aliyefanya vizuri mtihani. Shamis alitafuta usoni mwake aibu kidogo, hata ya kusingizia, apate mahali pa kuanzia maneno. Hakuiona. Na mtoto huyu hakujifunza mambo haya chini ya turubai la maziwa. Alipelekwa kujifunza, na serikali na dini, zote mbili, zikamlipia.

Alipakua chakula kwenye sinia.

"Iftin, kamwite baba yako aje ale," alisema.

Iftin aliweka kalamu. Akainuka, akasimama mlangoni, gizani.

"Adeer," alisema, "chakula tayari."

Shamis aliganda na kijiko mkononi. Hapakuwa na mgeni. Hapakuwa na mwenyekiti, wala lango, wala kibao. Alingojea mtoto acheke, azibe mdomo kwa kiganja. Alingojea sauti ya Rage kutoka ukutani, hata ya hasira, imwambie mtoto ajirekebishe.

"Nakuja," Rage akaitika.